Pasi ya Kusamehe

Habiba alinikalisha katika chumba kilekile. Zulia limebadilishwa, mito ya kuegemea imebadilishwa, dirishani siku hizi kuna vioo vya rangi ya kahawia, lakini joto ni lile la Garissa ninalolijua, lile ambalo ukiingia ndani kulikimbia unalikuta limeshakaa linakusubiri. Nilifika siku ya nne ya tazia. Wanaume walikuwa wamekwisha kukunja turubai na kurudisha viti, na wanawake wachache waliobaki walikuwa uani wakisugua masufuria na kuongea kwa sauti za chini. Aliyefariki ni kaka yake Habiba, Dekow, mtu ambaye kwa mwaka mmoja wa ujana wangu nilikuwa na hakika kwamba atanioa. Hakunioa. Alioa mwingine, na mimi nikaolewa na mwingine, na tangu mwaka ule sikumtia machoni tena. Habari ya kifo chake niliipata kwenye kundi la simu la wastaafu wa ofisi yetu, kati ya picha ya harusi ya mjukuu wa mtu na tangazo la dawa ya magoti. Nililia jikoni kwangu Malindi mpaka chapati ikaungua, kisha nikafunga mzigo.

Habiba ana wajukuu sasa, lakini sauti ni ileile. Aliweka mbele yangu shaah, chai ya maziwa ya ngamia, na sahani ya anjera, mikate laini kama chapati za maji, akanisukumia kibakuli cha nyirinyiri, vipande vya nyama kavu vilivyozama ndani ya samli. "Bismillah, abaayo, dada yangu, kula. Bole kwa safari." Sikuwa na hamu, lakini nani atamkatalia mfiwa? Nikamega. Ndipo nikaona kule pembeni, kati ya kabati na ukuta, mfuko mrefu umesimama, umefunikwa shuka. Habiba akafuata macho yangu. "Ule tutaufungua ukishakula," akasema. "Fitu fya Dekow. Fingine fyote tumegawana, lakini ule nimeuweka. Watoto wanasema ni bakora za wazungu. Nikawaambia, ngojeni, Mwanaisha atakuja, yeye anajua." Nilijua ni mfuko wa gofu, ila sikujua kilichomo.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mbili, karani wa stoo katika ofisi ya ujenzi wa barabara na visima. Nilikuwa mwembamba, mjuaji, na ulimi sina wa kuufunga. Mkubwa wetu alikuwa Injinia Mutiso, Mkamba mmoja mnene mwenye kofia ya majani, aliyeletwa kwetu na uhamisho ambao wenzake walimpa pole kana kwamba amefiwa. Yeye hakusikitika. Nyuma ya nyumba za maofisa palikuwa na ardhi tupu, mchanga na vichaka vya mathenge, na ndani ya miezi miwili Injinia aliifanya uwanja wa gofu wa mashimo tisa. Nyasi hapakuwa nazo hata za dawa. Pale ambapo kwingine huwa na kijani kizuri kuzunguka shimo, sisi tulikuwa na duara la mchanga uliomwagiwa oili chafu ya magari ili usipeperuke. Mbuzi walipita wapendavyo. Wale ndege wakubwa wenye upara walisimama wakitutazama kama mahakimu, na mara mbili nilimwona mmoja akimeza mpira, ukashuka shingoni tukiuona. Injinia akatoa kofia, akasema, "Huyo naye ameingiza shimoni."

Sasa sikilizeni kosa nililolifanya, maana kila kitu kilitoka hapo. Injinia alitaka chuma za kuchezea kwa ajili yetu wanafunzi wake wa gofu, zile fimbo zenye kichwa cha chuma. Lori la ofisi lilikuwa linakwenda Nairobi kuchukua mabomba, na yeye, akiwa mlangoni na mguu mmoja ndani ya gari, akanipigia kelele kwa Kiingereza niandike kwenye orodha ya dereva: chuma seti moja, zile za kusamehe, za wanaoanza. Mimi Kiingereza nilikuwa nacho cha shule, gofu sikuwa nayo hata chembe. Kwa neno lile alilotumia, irons, mimi nilijua kitu kimoja tu duniani, pasi ya nguo. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: Pasi, seti moja, ziwe za kusamehe. Dereva akarudi baada ya siku tatu na mabomba, na juu ya mabomba pasi mbili za makaa, zile zenye jogoo mlangoni. "Hizi za kusamehe nimetafuta mji mzima," akasema, "wakaniambia hizi haziunguzi nguo." Lo! Ofisi nzima iliangua kicheko, Injinia akakaa chini kwenye mfuko wa saruji akifuta machozi. Zile chuma zikaja safari iliyofuata, lakini jina halikufutika tena. Garissa yetu ile, chuma ya gofu iliitwa pasi.

Dekow alikuwa mpimaji wa visima. Mrefu, shati limepigwa pasi ya kweli, mwendo wa mtu anayejua watu wanamtazama. Siku ya kwanza alikuja dirishani kwangu akasema, "Dada, naomba basi." Nikamwambia basi haziko stoo, basi ziko stendi, yeye anakwenda wapi? "Siendi bahali. Naomba basi ya gofu." Nilicheka mpaka nikainamia daftari. Kiswahili alikijua barabara, kuliko hata baadhi ya watu wangu, lakini midomo ya kwao haina ile pe. Pole yao ni bole, picha ni bicha, hata ve inageuka fe, vitu vikawa fitu. Nikamfundisha: funga midomo, kusanya pumzi, achia. Pa. Akafunga midomo, akakusanya pumzi, mishipa ikamtoka shingoni, akaachia: "Ba." Wallahi nilimpenda hapohapo. Kila asubuhi alikuja dirishani kuomba basi ambayo haihitaji, na kila asubuhi nilimuuliza ya kwenda wapi.

Jumatano moja jioni baada ya kazi Injinia alitupanga chini ya kivuli cha tangi la maji, akatoa chuma mbili, zote namba saba, akazilaza juu ya gunia. Ya kwanza ilikuwa nyembamba, mgongo umenyooka, inang'aa, ukiitazama unatamani kuishika. Ya pili ilikuwa nene, na mgongo wake umechimbwa katikati kama kijiko. "Hii nyembamba ni kisu," akasema. "Ukiupiga mpira katikati kabisa, hakuna raha kama hiyo. Ukikosea upana wa ukucha, mpira unakwenda kwa shangazi yako na mkono unaingia ganzi. Hii nyingine uzito wake umeondolewa katikati ukapelekwa kingoni, ndiyo maana mgongo una shimo. Ukikosea, haipinduki mkononi. Mpira unapungua mwendo kidogo lakini unakwenda ulikoutuma. Tazama na nyayo yake, ni pana, haijichimbii mchangani. Uzito uko chini, kwa hiyo mpira unanyanyuka wenyewe, huna haja ya kuuchota. Nanyi nyote hapa hendikapu yenu inashinda umri wangu." Hendikapu ni yale mapigo ambayo mchezaji dhaifu husamehewa anapohesabiwa, asife moyo. Akatuambia pia tusihangaike na namba tatu na nne, hizo ni za kuvunja mgongo. Mtu aanze na sita aende juu, achukue mpini mwepesi unaopinda kidogo, autafute ukubwa baadaye. Halafu akageuza uso wa ile nene tukaona madoa ya mpira yametapakaa kila mahali, kisigino, ncha, juu, chini. "Mwenye chuma hii alikosea kila siku," akasema, "na bado alifika nyumbani. Haya, chagueni."

Mimi nilichukua nene. Dekow akachukua kisu. Injinia akamtazama. "Kijana, hiyo itakuaibisha." Dekow akatabasamu tabasamu lake la kwao Hulugho. "Injinia, mimi kwetu nimefundishwa kulenga shabaha. Chuma ya kuniombea radhi ya nini?" Kiburi, mwenzangu. Kilikuwa kiburi kizuri lakini ni kiburi. Na mimi nikiwa na dera langu na viatu vya mpira, nikiwa sijawahi kushika hata gongo la kuwindia panya, nilimshinda. Nilimshinda Jumatano ile na Jumatano iliyofuata. Mpira wangu ulikwenda kwa kujikokota, mbele, mbele, mpaka kwenye oili. Wake ulipaa vizuri ajabu mara moja kati ya nne, na hizo tatu tulizifuata kwenye mathenge, mimi nikicheka, yeye akichomwa na miiba na kuapa kwamba upepo ulibadilika. Wanawake waliopita na mitungi waliniangalia na kutikisa vichwa. Habiba alikuwa ndiye pekee aliyekaa kwenye jiwe na mtoto wake kiunoni akitupigia makofi bila kujua nani ameshinda.

Siku moja, akichomoa mwiba kidoleni, Dekow aliniambia kwamba anataka kuwaleta wazee wake Malindi. Aliyasema hayo akiutazama mwiba. Moyo ulinipiga nikasikia masikioni, lakini mimi nijibu ndiyo kama watu? Thubutu. Nikamwambia, "Mimi siolewi na mtu mwenye kisu. Siku utakayokubali kwamba na wewe hukosea, ukachukua pasi ya kusamehe, niambie. Huna haja ya maneno mengi. Niambie neno moja tu, pasi, nami nitaelewa." Akainua macho. "Na ukishaelewa?" "Nitawaandikia wetu waweke chai jikoni." Tukacheka. Kwangu ulikuwa mzaha wa kufichia furaha. Yeye, kumbe, aliuweka.

Miezi ilikwenda, mvua haikuja. Dekow akaanza kushinda Hulugho na Bura kwenye visima, anarudi amekonda, vumbi mpaka kwenye kope, anasimulia ng'ombe walioegemezana wasianguke. Ndipo akaja ami yake kutoka Hulugho, mzee mwenye ndevu za hina ambaye kila mtu alimwita Adeer, na Habiba akanialika chakula cha mchana, katika chumba hiki hiki, ili Adeer anione. Palikuwa na wali wenye zabibu, nyama ya mbuzi, ndizi kando ya sahani. Nilikuwa nimevaa vizuri na nimeahidi nafsi yangu kunyamaza. Adeer alikuwa mpole kwangu, aliuliza hali ya kwetu, akasifu baharini ambako hajafika. Kisha akamgeukia Dekow, akasema kwa Kiswahili ili nami nisikie, na nadhani kwake yalikuwa maneno ya kupima tu, "Huyu binti ni mzuri. Lakini ua la bwani na kiangazi chetu, litakaa? Jua moja tu, utamkuta stendi." Na Dekow akacheka. Alicheka kwa adabu, kama mtu anavyocheka mzee wake akitania. Leo najua. Siku ile nilisikia kicheko tu, nikaona amenitupa.

Nikasimama na wali mkononi. Nikasema, mbele ya Adeer, mbele ya Habiba, mbele ya jirani aliyekuja kusalimia: "Adeer, usihangaike na mimi, mhurumie mwanao. Kila Jumatano nampiga kwenye mchanga na watu wanatazama. Mwanamume aliyeshindwa kuchagua chuma, mke atamchaguaje?" Yule jirani akacheka, na kicheko chake ndicho kilichoharibu kila kitu, maana kilinionyesha nilichokifanya. Dekow aliitazama sahani yake. Sijawahi kumwona mtu akiitazama sahani vile. Nikatoka, nikavaa viatu vyangu kinyume, nikaenda nikajifungia. Hasira hasara, tulifundishwa tangu wadogo, na wapi! Kesho yake alfajiri aliondoka na ami yake kwenda Hulugho, na hakupita dirishani.

Wiki sita nilikaa nikingoja. Ningeweza kuandika. Lori la ofisi lilikwenda kule kila juma, kipande cha karatasi kingetosha. Nilikiandika mara nyingi nikakichana mara nyingi, kwa sababu kila nikifika kwenye neno nisamehe mkono ulikuwa mzito. Watu wa kule wana desturi ambayo nilikuwa nikiiona kila siku: mtu akisafiri, akiugua, hata wakiachana njiani tu, anamwambia mwenzake i saamax, nisamehe, na mwenzake anajibu amekwisha kusamehe, basi maisha yanaendelea. Neno lenyewe ni ndugu wa neno letu. Wao wanalitoa kama salamu. Mimi nilishindwa kulitoa mara moja.

Kisha Habiba akaja ofisini, mtoto kiunoni, akihema. Wakati huo simu za mkononi hazikuwako. Watu wa kule walitumia taar, redio ya upepo iliyowekwa dukani, ambayo ukizungumza Hulugho anakusikia wako aliyeko Garissa, na wanakusikia pia wote wenye redio njiani. Habiba alikuwa ameitwa dukani kuzungumza na kaka yake. "Adeer alikuwa kando yake na duka limejaa," akaniambia, "hakuweza kusema mengi. Amesema nikuambie neno moja tu. Basi." Nikamuuliza, "Basi?" "Haye. Basi. Amesema utaelewa." Nikaelewa. Basi, yamekwisha. Nikamwambia Habiba asante, nikaendelea kuhesabu misumari. Juma hilohilo nikaomba uhamisho wa kurudi pwani. Injinia alipotia saini barua yangu alikunja uso, akasema, "Mwanaisha, si ungesubiri kidogo? Chuma nzuri huchelewa kufika." Nilidhani ananichekesha na gofu yake, nikachukia. Nilivuka daraja la Tana na sanduku langu, sikugeuka nyuma.

Nilipomaliza anjera, nikanawa mikono. Habiba akauleta ule mfuko, akaondoa shuka, akafungua zipu iliyokuwa imekufa kwa kutu, ikambidi aitie samli kidogo kwa kidole. Akachomoa chuma moja akainyanyua, na nikaona mgongo umechimbwa katikati kama kijiko, nyayo pana. Ilikuwa namba saba. "Hizi ndizo basi zake," Habiba akasema. "Si ndifyo mlifyoziita? Injinia alizileta mwenyewe, siku chache kabla ya ile taar. Dekow alimwagiza, akamwambia asikuambie, atakuambia yeye. Nikaziweka nyuma ya kabati."

Ya Rabbi. Mimi, niliyecheka kwa jina la pasi mwaka mzima, niliyefungua kila siku kwa kuombwa basi, niliyemfundisha mtu yule kufunga midomo na kukusanya pumzi. Kama kuna mtu mmoja katika nchi hii aliyepaswa kulisikia neno lile, ni mimi. Lakini nilikuwa nimekaa wiki sita nikingoja adhabu, na mtu anayengoja adhabu, hata akiitwa kula, husikia anafukuzwa. Niliichukua ndiyo yake nikaizika kwa mikono yangu.

Habiba akanipa ile chuma. Uso wa chuma ulikuwa umefunikwa kwa ile plastiki ya dukani, imekuwa ya manjano, imekakamaa, lakini haijatolewa. Nikazitazama nyingine. Zote vilevile. Hakuna doa, hakuna mkwaruzo, hakuna chembe ya mchanga wa Garissa. "Alirudi umeshaondoka," Habiba akasema. "Akaniuliza, ulimwambia? Nikamwambia, nilimwambia basi, kama ulifyosema. Akauliza, akasema nini? Nikamwambia, alisema asante. Akakaa mahali ulikokaa. Baadaye akasema, haye. Hakuzifungua tena. Lakini kila alikohamishwa na kazi, aliubeba mfuko huu mwenyewe, hakumwachia mtu."

Nje mtu aliangusha sufuria, wanawake wakacheka kisha wakakumbuka wako msibani wakanyamaza. Habiba alinisogelea, akanishika goti. Macho yake yalikuwa mekundu kwa siku nne za kulia, na nikaona kwamba kuna jambo limeanza kumjia, linakuja polepole, linatafuta mlango. "Abaayo," akaniuliza, "ule ujumbe, niliufikisha fibaya?"

Nilimtazama uso. Aliyemzika ni kaka yake. Nikaiweka ile chuma mapajani, nikaushika mkono wake kwa mikono yangu yote miwili.

"Uliufikisha vizuri, Habiba," nikamwambia. "Neno kwa neno. Mimi ndiye sikusikia. I saamax."

"Nimekusamehe," akasema papo hapo, bila hata kuuliza ni kwa lipi.